Madaftari ya Mzee: shajara ya kuokoa kazi ya mtafiti wa mbu, Mwanza

13 Januari 2024. Stoo ya Nyegezi

Leo tumefungua stoo. Mama, mjane wa Mzee, ameshaongea na fundi rangi kwa sababu chumba kitapangishwa mwezi wa tatu. Alinipigia simu asubuhi: "Mwanangu, njoo uchukue vitu vya mwalimu wako kabla sijamwita mtu wa mkokoteni." Saa nne nilikuwa mlangoni kwake.

Tulichokuta ni masanduku matatu ya bati, madaftari 61 yenye majalada magumu, slaidi za damu kwenye makasha ya mbao, na visanduku tisa vya mbu waliochomwa pini, kila mbu na kikaratasi chake chini yake, kidogo kuliko ukucha. Daftari la kwanza ni la 1964 na la mwisho ni la 1998. Mchwa walipenya kwenye kona ya ukuta na kula madaftari mawili, yakabaki majalada tu. Mengine matano yamelowa kwa maji ya paa.

Kwa wasiomjua: Mzee alianza kama kijana wa maabara katika taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa tiba hapa Mwanza, ile iliyochipuka kutoka kitengo cha utafiti wa matende kilichoanzishwa 1949. Jumuiya ilipovunjika 1977 wengi walirudi makwao, yeye akabaki, na sheria ya 1979 ilipounda taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu akaendelea palepale, meza ileile. Matende, kichocho, malaria, yote yalipita mikononi mwake. Mimi alinifundisha kupasua mbu na kutoa tezi za mate bila kuzipasua.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza hauna takwimu. Ameandika kwamba mwaka 1960, akiwa kijana wa shule, aliugua homa iliyomkunja magoti hadi akabebwa mgongoni na kaka yake. Hiyo ilikuwa o'nyong-nyong, ugonjwa ulioanza Uganda mwaka 1959 ukazunguka ziwa hadi kwetu, na jina lake ni la Kiacholi, linasema habari za viungo kuvunjika. Kirusi chake hubebwa na Anopheles, mbu walewale wa malaria na matende. Chini ya hadithi hiyo ameandika: "Nataka kumjua mdudu huyu." Nilikaa juu ya sanduku la bati nikausoma mstari huo mara kadhaa.

Nia ya mradi: kukausha, kusafisha, kupiga picha kila ukurasa, kisha kuingiza takwimu za mbu kwenye kompyuta ili watafiti wazitumie. Naandika kila hatua kwa ajili ya mtu mwingine mwenye stoo kama hii nyumbani kwao.

Gharama: kirikuu kutoka Nyegezi hadi kwangu Buzuruga sh. 30,000. Maboksi sita ya plastiki yenye mifuniko inayobana, sh. 18,000 kila moja.

28 Januari. Kukausha, na kosa la jua

Nilianika madaftari mawili yaliyolowa juani, juu ya mwamba nyuma ya nyumba, kama watu wanavyoanika dagaa. Kufika saa nane mchana karatasi zilikuwa zimejikunja kama maganda ya karanga, na wino wa bluu wa daftari la 23 umepauka kiasi kwamba kurasa kama kumi na tano nazisoma kwa kuinamisha karatasi pembeni ya taa. Kosa ni langu. Wino wa kalamu ya kujaza hauvumilii jua.

Njia iliyofaa kwa matatu yaliyobaki: ndani, kivulini, feni ikipuliza pembeni wala si moja kwa moja. Kila baada ya kurasa kumi unaweka karatasi nyeupe ya gazeti isiyochapishwa, unaibadilisha asubuhi na jioni. Karatasi ikishaacha kuwa na ubaridi ukiigusa kwa shavu (shavu linahisi unyevu kuliko kidole), funga daftari, weka tofali juu yake siku mbili. Kurasa zilizogandana usizibandue zikiwa kavu. Zirudishie unyevu kidogo kwa mvuke wa sufuria, kisha pitisha kisu butu cha siagi.

Karatasi sh. 20,000. Feni sh. 55,000.

11 Februari. Visanduku vya mbu

Sisimizi. Niliweka visanduku mezani usiku mmoja tu, asubuhi nikakuta safu inapanda mguu wa meza na mbu kumi na wawili wa kisanduku cha tatu wamebaki vikaratasi na pini. Kila mtu wa maabara anajua kuweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye mafuta juu, na mimi ninajua, lakini nilifikiri "kesho". Makopo yamewekwa leo.

Kwenye visanduku viwili kulikuwa na unga wa kahawia chini ya pini, dalili ya vibuu vya mbawakawa wadogo wanaokula wadudu waliokauka. Dawa yao ni baridi kali kwa wiki nzima. Dada mmoja muuza sato pale Mwaloni Kirumba alinipa nafasi kwenye friza yake. Nilifunga kila kisanduku ndani ya mifuko miwili ya nailoni, nikatoa hewa. Siku ya tatu umeme ulikatika kutwa nzima, barafu ikayeyuka, maji ya samaki yakajaa chini. Mifuko ilizuia. Bila mfuko wa pili nisingekuwa na cha kuandika leo. Nilianza kuhesabu wiki upya tangu umeme uliporudi, na nilipotoa visanduku niliviacha ndani ya mifuko siku nzima hadi vikapata joto la chumba, la sivyo umande ungetua juu ya mbawa.

9 Machi. Slaidi

Hapa ndipo panaponiuma. Mpwa wangu, anayesoma chuo na anayenisaidia kwa moyo kweli, aliona slaidi zimejaa mafuta ya hadubini yaliyoganda na vumbi. Akachukua spiriti na pamba akazifuta. Slaidi 14 zikawa safi kama kioo cha dirisha. Damu nzito isiyofunikwa inafutika kama masizi, na hata pale ilipobaki, spiriti iliondoa rangi ya Giemsa, ile inayofanya vimelea vionekane. Sikumwambia kabla, kwa hiyo sikumlaumu.

Namna sahihi: chovya slaidi kwenye zailini, iache dakika chache, itoe, isimamishe ikauke yenyewe. Usisugue. Fanya nje au dirishani kwa sababu mvuke wa zailini unaumiza kichwa na mapafu. Rangi ya slaidi nyingi imepauka lakini vimelea vya malaria, Plasmodium falciparum, vinaonekana bado, pete ndogo zenye nukta, na kwenye slaidi moja ya damu ya usiku kuna mnyoo mchanga wa matende amejikunja, ganda lake kamili.

Slaidi za damu ya usiku zina historia yake. Minyoo michanga ya matende huja kwenye damu ya pembeni usiku, kwa hiyo Mzee na wenzake waliingia vijijini kuanzia saa nne hadi saa nane za usiku na kuchoma kidole cha mtu aliyeamshwa usingizini. Miaka ya 1950 watafiti waliomtangulia walifanya hivyo kisiwani Ukara. Mzee aliniambia kwamba kilichofungua milango ni kuchoma kwanza kidole chake mwenyewe mbele ya mwenye nyumba. Slaidi zenye jina lake zipo. Nimehesabu 38.

Zailini sh. 45,000.

20 Aprili. Picha, na kosa la majina

Skana ilikuwa polepole na inavunja migongo ya madaftari. Fundi seremala alinitengenezea stendi ya mbao ya kushika simu juu ya meza kwa sh. 20,000. Taa mbili za pembeni sh. 24,000, kila moja upande wake ili kusiwe na kivuli. Kurasa mia mbili kwa siku zinawezekana ukiwa wawili. Diski mbili za nje, sh. 160,000 kila moja, moja inakaa kwangu na nyingine kwa Mama.

Sasa kosa. Kwa furaha nilituma folda ya madaftari manne kwa kundi la wanafunzi niliosoma nao. Jioni mmoja wao akanipigia: "Dada, hapa kuna majina ya watu na mabusha yao." Kweli. Jina, kijiji, umri, ugonjwa. Baadhi ya watu hao wako hai, na wajukuu wao tunasali nao. Nilifuta folda, nikamwomba kila mmoja afute, nikathibitisha kwa simu mmoja mmoja. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria Mzee asingekubali. Utaratibu sasa: picha kamili hazitoki kwenye diski. Kwa matumizi ya wengine tunafunika safu ya majina kwa kipande cha kadi nyeusi tunapopiga picha ya pili, na kila mtu anabaki namba. Nimeandika pia ombi la kibali cha maadili kabla takwimu yoyote ya wagonjwa haijaguswa. Hadi ombi lijibiwe tunafanya mbu tu.

2 Juni. Kuingiza takwimu za mbu: wiki tatu zilizopotea

Tulianza na madaftari 11 ya mwaka 1969 hadi 1973, ambayo yana ukamataji wa asubuhi majumbani. Kazi ilikuwa hivi: unatandika mashuka meupe sakafuni na kitandani, unafunga milango na madirisha, unapuliza dawa ya pareto, unasubiri dakika kumi, kisha unakusanya mbu walioanguka shukani. Kila mstari wa daftari ni nyumba moja: namba, aina ya paa, herufi L na tarakimu, kisha hesabu ya mbu. Mzee anaandika kila mara kwamba ndani ya dakika kumi mbu wote wako chini. Leo mkoani kwetu mbu wengi wanahimili dawa za jamii hiyo. Ndiyo maana kule Misungwi zilijaribiwa vyandarua vyenye dawa ya pili, klofenapiri, na matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba katika miaka miwili malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 ikilinganishwa na vyandarua vya kawaida vyenye dawa. Madaftari haya ni picha ya mbu wa kabla ya yote hayo, na ndiyo sababu nayahangaikia.

Mpwa wangu aliingiza kila mstari wenye hesabu. Siku 21, posho sh. 10,000 kwa siku. Nilipochora grafu ya kwanza nikashtuka: wastani wa mbu kwa nyumba ulikuwa mkubwa mno kuliko nilivyowahi kuona. Nilirudi kwenye ukurasa mmoja wa daftari la 7. Nyumba 20. Nane zina hesabu, jumla yake mbu 96. Tisa zina kistari. Tatu zina duara dogo. Tuliingiza nane tu, tukagawanya, tukapata mbu 12 kwa nyumba.

Kistari maana yake waliingia, wakapuliza, hawakukuta kitu. Nyumba isiyo na mbu ni kipimo kamili sawa na yenye mbu arobaini, na Mzee alinifundisha hilo kwa mdomo wake. Nafasi iliyoachwa tupu ndiyo nyumba wasiyofika. Kwa hiyo tumeanza upya madaftari yote 11. Mtu atakayeiga kazi hii, kabla ya kuandika namba ya kwanza, aorodheshe kila alama anayoiona na aamue maana yake kwa ushahidi, hata kama itachukua wiki.

Duara sikulielewa. Nililiweka kama sifuri kwa muda: 96 kugawanya kwa 20, mbu 4.8.

29 Juni. Wapi ni wapi

Marudio yamekamilika, siku 26. Sasa tatizo la mahali. Madaftari yanasema "kutoka jineri 2½, mkono wa kushoto mwa mawe". Jineri ya pamba ipo hadi leo, imefungwa, na mawe yapo. Tulipima kilomita mbili na nusu tukajikuta katikati ya majaruba ya mpunga, pasipo na dalili ya makazi. Zilikuwa maili. Kilomita nne kutoka jineri kuna miti ya minyaa iliyopandwa kwa mstari, alama ya maboma ya zamani, lakini hakuna nyumba hata moja.

Hii nilipaswa kuijua. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu hawa wakakae pamoja barabarani. Kijiji cha daftarini na kijiji cha leo chenye jina hilohilo ni sehemu mbili. Ramani yetu sasa ina safu mbili, "jina" na "mahali pa wakati huo", na safu ya pili inajazwa tu tukikuta alama ya ardhini au mzee wa kutuonyesha.

13 Julai. Miguu 24

Madaftari ya zamani yanaandika "gambiae", jina la mbu wa malaria, na kuishia hapo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilidhaniwa ni mbu mmoja. Baadaye ufugaji wa maabara ulionyesha ni kundi la mbu wanaofanana kwa macho lakini wasiozaa pamoja ipasavyo, na tabia zao zinatofautiana: Anopheles arabiensis hunyonya ng'ombe kwa urahisi na hupumzika nje, mwenzake, Anopheles gambiae mwenyewe, hupenda binadamu na ndani ya nyumba. Kwa macho, hata chini ya hadubini, huwatofautishi. Kipimo cha vinasaba kilichokuja 1993 kinawatofautisha, na kinahitaji mguu mmoja tu.

Nilichukua mguu mmoja kwa mbu 24 wa visanduku vya 1971 na kuupeleka kwa rafiki mwenye mashine. Mara ya kwanza hakuna uliotoa jibu, kwa sababu tulitumia kiasi cha maji kile tunachotumia kwa mbu wa jana. Mara ya pili tulipunguza maji ili vinasaba vichache visizimuke, tukapata majibu 7. Ni machache mno kusemea kijiji chochote, kwa hiyo siyaandiki hapa. Mbu wenyewe bado wana miguu mitano, nao watasubiri mtu mwenye njia bora. Kemikali, mchango wangu: sh. 180,000.

17 Agosti. Duara

Kwenye daftari la 7, pembeni, kuna jina la utani la mkamata mbu wa kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Speke. Niliulizia kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wiki iliyopita nikaambiwa mzee huyo yupo.

Nilifika na sukari na mchele. "Mwangaluka, Babu." Akaitikia, akaniangalia, na kabla sijajieleza akauliza kama nimetoka kwa "yule wa pareto". Alianza kazi 1971 akiwa kijana. Anakumbuka kubeba mashuka kichwani. Macho yake hayaoni herufi ndogo, hivyo nilimsomea namba za nyumba moja moja naye akataja wenye nyumba, hii ya fulani mwenye ng'ombe wengi, hii ya mama aliyekuwa akifinyanga vyungu.

Nilipofika nyumba ya 12 nikasema, hapa pana duara. Akanyamaza. Kisha akasema: "Hapo palikuwa na msiba. Yule hakukubali tupulize nyumba yenye msiba. Alituambia tuweke mashuka chini, twende tukakae na watu."

Sikutaka kuegemea kumbukumbu peke yake, kwa hiyo jioni nilirudi kwenye ile herufi L. Babu alikuwa ameniambia kwamba kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuliza wamelala wangapi, kwa hiyo L ni "waliolala". Nyumba ya 12, mwezi kabla ya duara: L 6. Mwezi baada ya duara: L 5. Nyumba ya 15: kutoka 4 hadi 3. Nyumba ya 19: kutoka 7 hadi 6.

Duara si sifuri, basi. Ni nyumba ambayo haikupimwa, na ukurasa ule sasa unasomeka 96 kugawanya kwa 17, mbu 5.6. Lakini kuna zaidi. Nimefuatilia nyumba tatu hizo nyuma: mwezi kabla ya duara zote tatu zilikuwa miongoni mwa zenye mbu wengi. Sijui waliofariki waliugua nini, na daftari halisemi. Ninachojua ni kwamba nyumba zilizokosekana hazikukosekana kwa bahati nasibu, hivyo hata 5.6 huenda iko chini ya ukweli. Mtu atakayetumia takwimu hizi lazima alijue hilo kabla ya kugawanya.

Nauli na bodaboda, safari mbili, sh. 44,000. Zawadi sh. 30,000. Jumla tangu Januari: sh. 1,346,000.

31 Agosti

Tumepitia madaftari 11 na kubadilisha kila duara kuwa herufi M, ikiwa na safu yake peke yake. Maduara ni mengi zaidi kwenye kurasa za Mei na Juni, baada ya masika. Nilimpelekea Mama ukurasa wa daftari la 7 uliochapishwa, safu ya majina ikiwa imefunikwa, nikamweleza alama. Aliuweka mapajani. Akasema siku hizo Mzee alikuwa akirudi usiku bila mbu na hasemi alikuwa wapi, naye alikuwa akidhani gari limeharibika.

Yanayofuata: madaftari ya 12 hadi 19, na kurudi kwa Babu kabla ya vuli na orodha ya nyumba za 1972.